Naondoka wiki tatu za kaskazi, miche yangu nitaifanyaje?

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa hapa Wete. Nina miche 60 ya mikarafuu kwenye viriba, michungwa 6 ya kubebesha niliyoipanda kondeni vuli iliyopita, na makarai mawili ya miche ya tungule na pilipili. Mwanzoni mwa Februari nakwenda Umra, na nikirudi nitapitia Unguja kwa mwanangu, kwa hiyo sitakuwapo kama wiki tatu. Nyumbani hapabaki mtu. Mtoto wa dada yangu, ana miaka 14, anaweza kuja mara mbili kwa wiki akitoka skuli. Maji ya mfereji kwetu ni ya zamu, lakini kisima kipo. Nimeambiwa nipindue chupa ya maji kwenye kila mche, basi yamekwisha. Ni kweli?

Wa alaykumu salaam, dada yangu. Mungu akufikishe salama na aikubali Umra yako.

Nianze na hizo chupa, kwani ndizo ulizoambiwa. Kwa wiki tatu hazifai, na kwa miche ya viriba hazifai hata kwa siku tatu. Chupa ya lita 1.5 iliyojaa ni nzito mno kwa kiriba. Ukiipindua humo, kwanza itaung'oa mche, halafu italala nao chini. Kondeni nako ina vituko vyake. Ukitoboa kifuniko kwa msumari, maji yote yamekwisha kabla ya adhuhuri. Ukitoboa kwa sindano, tundu linaziba udongo na hayatoki kabisa. Na hata ukibahatisha tundu la kiasi, jua likipanda hewa iliyomo ndani ya chupa inapata moto, inatanuka na kuyasukuma maji nje kwa mkupuo. Chupa ni ya kwenda arusini Ijumaa ukarudi Jumapili. Safari yako ni nyingine.

Tena wengi wakiuliza swali hili huanza na maji: nitayaleta vipi, nitayahifadhi wapi. Mimi nakuomba uanze na kiu ya mche. Mwezi wa Februari kwetu mvua ni za kubahatisha, jua liko utosini, na upepo wa kaskazi unavuma mchana kutwa. Siku kama hizo ardhi iliyo wazi yenye mimea hupoteza kiasi cha milimita 5 hadi 6 za maji, yaani lita 5 au 6 kwa kila mita moja ya mraba, kila siku. Kumwagilia mahali kama hapo bila kivuli ni kuteka maji kwa tenga. Ukiweka kivuli na kizuizi cha upepo, matumizi hayo yanaweza kushuka hadi karibu nusu, na hujaongeza hata kata moja.

Kwa hiyo wiki mbili kabla ya safari, hamisha viriba vyote uvikusanye pamoja, mahali pasipopigwa na jua la mchana. Upande wa mashariki wa nyumba ni pazuri: vinapata jua la asubuhi, na kuanzia adhuhuri ukuta unavifunika. Ila huko ndiko kaskazi inakotokea, basi simamisha kumba mbili tatu upande huo ziuvunje upepo. Juu jenga kichanja cha fito, urefu wa kiunoni, uezeke makuti kwa kuachia nafasi ili mwanga upite kidogo. Mkarafuu mchanga umezoea kivuli tangu kitaluni, hautalalamika. Usiushushe kichanja ukakaribia majani, maana hewa isipopita utaalika ukungu. Na usije ukafuata ule mtindo wa kuifunika miche kwa mfuko wa nailoni ili mvuke usitoke. Kwenye nchi za baridi unafaa, kwetu Februari utaikuta imechemka.

Michungwa ni habari tofauti. Hiyo imekwishazoea jua tangu vuli, na ukiifunika gubigubi kwa wiki tatu itatoa majani laini ambayo ukirudi yataungua. Inatosha kuisimikia kuti mojamoja upande wa magharibi, ikingwe na jua la alasiri.

Sasa viriba. Kiriba cha kawaida cha mkarafuu kinashika udongo kidogo sana. Juani maji yake huisha kwa siku mbili au tatu, na mkarafuu mdogo hauna subira: ukikauka mara moja hadi majani yakapinda, mara nyingi haurudi. Ndiyo maana sitaki maji yamwagiwe kutoka juu na mtu anayekuja mara mbili kwa wiki. Nataka kiriba kinywe chenyewe kutoka chini, kwa kiasi kinachotaka, na njia ya kufanya hivyo ni tuta la mchanga.

Chini ya kile kichanja chako chimba shimo la mraba, mita moja kwa mita moja, kina cha kama sentimita 12. Sakafu ya shimo iwe sawasawa. Huna haja ya chombo cha fundi: tandika nailoni nene, mwaga ndoo ya maji, utaona yanakokimbilia, inua nailoni, sawazisha, jaribu tena. Hakikisha nailoni haina tundu na inapanda kingo zote nne. Kisha jaza mchanga hadi kama sentimita 7. Tumia mchanga wa ujenzi ulioosheka, mabaki ya nyumba ya jirani yanatosha. Mchanga wa pwani usiusogeze. Una chumvi, na chumvi ile itapanda pamoja na maji hadi kwenye mizizi. Kwenye kona moja simamisha kipande cha bomba, mdomo mmoja uguse nailoni na mwingine utokeze juu. Hapo ndipo maji yatakapotiwa, na hapo ndipo kijana atakapochovya kijiti kujua yamebaki kiasi gani.

Kabla ya kuvipanga viriba, kagua matundu yao ya chini. Vingi vina matundu ya ubavuni tu. Kata pembe mbili za chini kwa wembe, ili udongo wa ndani ugusane na mchanga wenyewe. Kila kiriba kizungushe kidogo huku ukikibonyeza kikae imara. Kikikaa juu ya mwanya wa hewa, maji hayapandi. Halafu mwagilia miche yote kutoka juu mara moja hadi ilowe vizuri. Hatua hii usiiruke: udongo uliokwisha kukauka hauvuti maji, lazima kwanza uwe na unyevu. Mwisho jaza mchanga maji kupitia bomba hadi uso wake ung'ae, lakini yasisimame juu.

Mkarafuu hauvumilii kukaa majini, na pengine ikanyesha mvua ya ghafla wakati hupo. Kwa hiyo toboa nailoni ubavuni, vidole viwili juu ya sakafu ya shimo, na nje ya hapo chimba kijifereji ili maji yakizidi yatoke yenyewe. Maji yaliyofichwa ndani ya mchanga pia hayazalishi mbu. Ungeyaweka wazi kwenye beseni, ukirudi majirani wangekuwa na lao la kukwambia.

Hesabu yake ni hii. Tuta la ukubwa huo linashika kama lita 20 za maji baina ya chembe za mchanga, juu ya yale yaliyomo kwenye viriba. Miche 60 midogo kivulini nakadiria itakunywa kama lita 3 kwa siku, na mchanga wenyewe utapoteza kidogo. Basi lita 20 zitachukua siku nne hadi tano, na kijana wako anakuja mara mbili kwa wiki. Dumu moja kila akija. Ukitandaza makapi au majani makavu baina ya viriba, unajiongezea siku.

Kwa michungwa 6 napendelea mtungi wa udongo uliofukiwa ardhini. Wachina waliuandika ufundi huu zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, na sijaona kilichoupita kwa mti mchanga. Mtungi usiopakwa rangi wala vanishi unatoa jasho: udongo wa nje ukikauka unayavuta maji, ukilowa yanasita. Mti ndio unaoamua.

Nunua mitungi au vyungu vipya vya lita 5 hivi. Chungu kilichokwisha kupikiwa usikichukue, tui na mafuta yamekwisha kuziba vitundu vyake. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji maji kidogo utie ndani. Kikichirizika kina ufa. Ukifika nyumbani kijaze, kiweke kwenye sakafu kavu, na uache hadi alasiri: ukikipapasa tumbo kikawa na ubichi wa kuonekana, hicho ndicho. Kikiwa kikavu kabisa, kiwekee maua ya asumini.

Chimba shubiri moja na nusu kutoka kwenye shina, upande ule ambao mteremko unatokea. Fukia chungu hadi shingoni, vidole viwili vibaki juu, ushindilie udongo uliolowa kukizunguka ili ugusane nacho kila upande. Funika mdomo kwa kifuu au bamba zito, mbu wasiingie na kuku wasitupe uchafu. Kama konde lako ni kichanga, tarajia chungu kikauke kwa siku tatu au nne. Kwenye udongo mzito kinaweza kukaribia wiki. Kwa vyovyote kijana akija, kazi yake ni kujaza tu.

Usiku miwili kabla ya kuondoka, kila mchungwa upe ndoo nzima ya lita 20, nusu usiku wa kwanza na nusu wa pili, ndani ya kisahani cha udongo ulichokizungushia. Mwagia polepole. Baadaye funika kisahani chote kwa majani makavu au makumbi, unene wa kiganja. Makumbi yapange tumbo juu, yatashika maji ya mvua ikibahatika kunyesha. Ila yasiwe yale waliyoyafukia kinamama pwani kwa ajili ya usumba, maana yamelala maji ya bahari miezi na miezi. Na kuzunguka shina acha wazi upana wa mkono. Mchwa wanapenda kivuli na unyevu kama sisi tunavyopenda, na wakijenga njia chini ya makumbi hadi kwenye gome, mti hautakungoja. Pale palipobebeshwa pasifunikwe kabisa.

Kama vyungu huvipati, ipo njia ya dripu zile za dukani kwa mfamasia. Nazungumzia mpya, iliyo kwenye pakiti yake. Zilizotumika usiziokote wala usipewe, hata zikiwa za bure. Nyingi za kawaida hutoa matone 20 kwa mililita moja. Ukiifunga kwenye dumu la lita 20 lililowekwa juu ya matofali, ukaifinya hadi itoe tone moja kila sekunde 5, inatoka kama lita 0.86 kwa siku, na dumu litakwenda siku 23. Kwenye karatasi ni safari yako nzima. Kondeni, maji yakipungua dumuni msukumo unapungua na matone yanachelewa, joto linakilegeza kile kigurudumu cha kufinyia, na ukoga wa kijani unaziba njia. Chuja maji kwa kitambaa, lifunike dumu kwa gunia lisipate mwanga, na kijana awe anahesabu matone kila akija. Ndiyo sababu naiweka ya pili, nyuma ya chungu.

Tungule na pilipili zako, nakwambia bila kuzunguka: usihangaike nazo. Miche ya karai ina mizizi mifupi na inataka maji kila siku, pengine asubuhi na alasiri. Hata ukifaulu kuiweka hai, baada ya wiki tatu itakuwa imerefuka kama nyuzi na wakati wake wa kupandikizwa umepita. Mpe jirani mwenye nafasi, mkubaliane mavuno. Wewe ukirudi sia mbegu nyingine, zitakuwa tayari masika yakishaanza kutulia.

Maua ya barazani hukuyataja, lakini mwanamke wa Pemba asiye na mrehani hata mmoja sijamwona. Vyungu viwili vitatu vya maua unaweza kuviwekea utambi. Ndoo yenye kifuniko iwe kando, utambi mmoja kwa kila chungu, ncha ilale kwenye maji na nyingine izame udongoni vidole vitatu. Vile tambi vya jiko la mafuta vinafaa sana kwa sababu ni pamba. Kanga kuukuu nayo inafaa ikiwa ni ya pamba kweli. Chana ukanda, ufue wanga wote utoke, kisha uchovye ncha kwenye kikombe cha chai ya rangi. Chai ikipanda urefu wa kidole kwa dakika chache, umepata utambi. Isipopanda, ile ni nailoni, na siku hizi kanga za namna hiyo ni nyingi kuliko tunavyokiri.

Maji ya kisima yaonje kabla ya yote. Visima vilivyo karibu na pwani hutiwa chumvi mwishoni mwa kiangazi, na mchungwa na mkarafuu ni miongoni mwa miti inayoichukia. Ncha za majani huanza kuwa kahawia kama zimeunguzwa. Kama yana ladha ya chumvi, jaza pipa maji ya mfereji siku yanapotoka, ulifunike vizuri, liwe la miche peke yake. Zamu ya maji isije ikamlazimu mtoto kusubiri.

Kuhusu kijana, nimeona mara nyingi lawama zinamwangukia mtoto wakati kosa ni la aliyemwachia kazi. Ukimwambia "angalia miche, ikitaka maji ipe", umemwachia uamuzi ambao hata mtu mzima unamshinda. Atakuja saa nane mchana, ataona majani yamelegea kwa joto tu, atamwaga ndoo kwa kishindo, na udongo wa kiriba utatoka wote. Mipango yote niliyokueleza inamwondolea uamuzi. Dumu moja kwenye bomba, vyungu sita vijazwe, mlango ufungwe mbuzi wasiingie. Mwoneshe kwa vitendo, halafu afanye yeye mbele yako, wewe nyamaza. Muda uwe baada ya alasiri. Mwachie na chochote mkononi, nusu sasa na nusu ukirudi. Baraka za khaloo peke yake hazimfikishi mtoto wa miaka 14 hadi wiki ya tatu.

Na yote haya yawe tayari siku saba kabla ya kuondoka. Siku nne za kwanza usiongeze maji. Kila asubuhi inua kiriba kimoja cha katikati na kimoja cha pembeni, uvipime uzito mkononi. Cha pembeni kikiwa chepesi kuliko mwenzake, upepo unakifikia, ongeza kumba. Chota kidole cha udongo wa juu: ukiwa na ubichi, maji yanapanda. Ukiwa mkavu huku mchanga umelowa, kiriba hicho hakijagusana na mchanga, kibonyeze upya. Mbolea usiitie kabisa katika siku hizi. Mche ukisukumwa kutoa majani mapya ndipo unapozidi kunywa.

Ukirudi, utakuta mizizi ya mikarafuu imetoka kwenye matundu na kuingia mchangani. Kinyanyue kila kiriba taratibu, ukate mizizi hiyo kwa wembe, umwagilie siku hiyohiyo. Mche utakaokuta umepukutisha majani usiutupe mara moja. Parua gome kwa ukucha karibu na chini: kukiwa na kijani, ubakishe kivulini na uupe maji kidogo kidogo kwa wiki mbili. Kukiwa na kahawia kavu hadi shinani, huo umekwenda. Kichanja usikibomoe kwa mkupuo. Toa kuti moja kila baada ya siku chache, hadi mvua za masika zikishika mwezi wa tatu mwishoni au wa nne, miche iwe imezoea jua na tayari kwenda shambani.